Askari wa zimamoto aliyechora mvua

Juma hili nawaomba tuachane kidogo na siasa na bei ya sukari, twende Japani, kwenye mji uliokuwa ukiitwa Edo na ambao leo dunia nzima inaujua kwa jina la Tokyo. Safari yenyewe inaanzia karibu tu, Gerezani, Kariakoo, katika duka la vipuri vya magari.

Nilikwenda pale kutafuta bushi za gari langu, ambalo sina haja ya kuwaeleza ni la mwaka gani. Mwenye duka, mzee mmoja mpole, aliingia stoo, mimi nikabaki nimeegemea kaunta natazama ukutani. Palitundikwa kalenda ya Kijapani iliyokwisha muda wake miaka kadhaa, moja ya zile zinazoletwa na wafanyabiashara wa magari yaliyotumika. Hakuna aliyejishughulisha kuitoa, nadhani kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa picha ya mvua. Si mawingu wala madimbwi, bali mvua yenyewe, imechorwa mstari kwa mstari kutoka juu mpaka chini, myembamba, myeusi, kama nyuzi zilizotandwa na mfumi.

Chini ya mistari ile lipo daraja la mbao, na juu ya daraja watu wachache wanakwenda mbio mbio. Baadhi wamejibana chini ya miavuli, mwingine amejifunika jamvi, wote wameinamisha vichwa hata nyuso karibu zote hazionekani. Nyuma yao ni mto mpana wa buluu, na katikati ya mto yupo mtu mmoja anasukuma chelezo cha magogo kwa upondo, peke yake, kama kwamba mvua ile haimhusu. Ng'ambo ya pili, miti na majengo ni kivuli cha kijivu tu. Juu kabisa limetanda wingu jeusi.

Sisi watu wa redio tunaijua taabu ya mvua. Ukitoka na kinasa sauti ukairekodi inavyonyesha, kisha ukaipeleka hewani, msikilizaji atadhani unakaanga sambusa. Mvua haina sauti yake mwenyewe. Sauti inayosikika ni ya kitu kilichopigwa na mvua: bati, jani la mgomba, ndoo iliyosahauliwa uani. Fundi mitambo mmoja wa zamani ndiye aliyenifundisha hayo. Alikuwa akitafuta paa la bati lenye kutu kwanza, mvua baadaye. Basi nilipoitazama kalenda ile nikaona kwamba aliyechora naye alikuwa amelijua jambo hilo hilo. Ile mistari peke yake isingetosha. Migongo iliyopinda ya wale watu darajani ndiyo inayokufanya uhisi maji ya baridi yakikuteremka shingoni.

Mchoraji huyo aliitwa Utagawa Hiroshige. Alizaliwa mwaka 1797 mjini Edo, katika ukoo wa samurai wa daraja la chini, na hapo msidhani nazungumzia watu wa panga na farasi kama wa kwenye sinema. Kazi ya baba yake ilikuwa zimamoto. Familia iliishi katika kambi ya askari wa zimamoto karibu na ngome ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi ile, na wajibu wao mkubwa ulikuwa kuilinda ngome hiyo isiungue. Mwaka 1809 mama yake alifariki. Baba akamwachia mtoto wadhifa ule wa kurithi, naye akafariki kabla ya mwaka kwisha. Kijana wa miaka 12 akabaki yatima, tena askari wa zimamoto, mwenye mshahara mdogo wa kurithi na mapenzi ya kuchora.

Kuwa zimamoto Edo haikuwa kazi ya mzaha. Mji ule ulikuwa na watu wapatao milioni moja, ukiwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani wakati huo, na karibu wote ulijengwa kwa mbao. Milango na madirisha yalikuwa ya karatasi, chakula kilipikwa kwa mkaa na kuni, usiku ziliwaka taa za mafuta. Wenyeji wenyewe walikuwa wakisema kwamba moto na ugomvi ndiyo maua ya Edo. Mwaka 1657 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji, na waliokufa inasemekana walifikia 100,000. Wengi walifika kwenye kingo za mto Sumida wakakuta hakuna pa kuvukia. Watawala walikuwa hawapendi madaraja juu ya mto ule kwa hofu ya maadui. Baada ya msiba huo wakakubali lijengwe daraja la Ryogoku. Mwaka 1693 likaongezwa jingine chini yake kidogo, likaitwa Shin-Ohashi, maana yake Daraja Kuu Jipya.

Daraja la kwenye kalenda ndilo hilo.

Hiroshige alipata mwalimu, Utagawa Toyohiro, na mwaka 1812 akapewa jina la kisanii tunalomjua nalo. Kwa miaka mingi alichora huku bado ni mtu wa zimamoto, jambo ambalo halikuwa la ajabu, maana samurai wadogo wengi walihitaji kazi ya pembeni ili wale. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikuwa ameshaukabidhi wadhifa ule kwa jamaa yake, akabaki mchoraji tu. Kilichompa umaarufu ni picha zake za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto, zilizoanza kutoka mwaka 1833. Humo tayari imo mvua, katika picha ya kituo cha Shono, ambako wachukuzi wanapanda na kushuka mlima huku mianzi imelala kwa upepo. Lakini mvua ile ni ya safarini, ya kumkuta mtu asiye kwao. Ilikuwa bado miaka zaidi ya 20 kabla ya kuichora mvua ya kalenda yetu.

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855, Edo ilitikiswa na tetemeko la ardhi. Nyumba ziliangukia mikaa na taa, moto ukazuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 7,000 na 10,000. Mwaka uliofuata, kabla watu hawajamaliza kuezeka, tufani kubwa ikaupiga mji. Na yote hayo yaliukuta mji ulio katika wasiwasi tayari, kwani mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zilikuwa zimeingia katika ghuba ya Edo kuilazimisha Japani ifungue milango yake.

Wachapaji wa picha hawakulala. Siku chache tu baada ya tetemeko, mitaani kulijaa picha za kambare mkubwa, kwa sababu imani ya watu ilikuwa kwamba kambare aishiye chini ya ardhi akijitikisa, dunia nayo hutikisika. Zilikuwa picha za kejeli. Nyingine zilimwonyesha kambare akipigwa na watu wenye hasira, na nyingine zikawacheka maseremala waliotajirika kwa msiba wa wenzao. Serikali ikazipiga marufuku. Kama ningekuwa mwandishi wa habari Edo mwaka ule, nakiri ningekuwa upande wa kambare.

Hiroshige hakumchora kambare. Mwezi wa pili wa mwaka 1856 kwa kalenda yao, miezi minne tu baada ya tetemeko, zilianza kutoka picha za mfululizo wake mpya, Mandhari Mia Moja Mashuhuri za Edo. Mwaka huo huo alinyoa kichwa akaingia utawa wa Kibudha, kama walivyofanya watu wengi wa rika lake. Alikuwa na miaka 59. Mchapishaji alipoona zinauzwa hakutaka kusimamia mia moja, na mpaka mchoraji anafariki zilikuwa zimepita idadi hiyo. Nawaambia ukweli, si zote nzuri. Kuna zile ambazo ameweka kitu kikubwa mbele, kiuno cha farasi au gurudumu la mkokoteni, na mji ukachungulia nyuma yake kama mtoto, na ukishaona tatu nne za namna hiyo unamjulia ujanja wake. Lakini zile nzuri hazina mfano.

Ajabu ni kwamba katika picha zote hizo, vifusi karibu havionekani kabisa. Mji uliokuwa umebomoka na kuungua, yeye anauchora mzima: maua ya masika, fataki za kiangazi, mwezi, theluji. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilimhukumu vibaya. Nilisema huyu alikuwa mfanyabiashara, anauza kumbukumbu tamu kwa wageni wanaorudi mikoani. Au alikuwa mwoga, anaogopa wakaguzi wa serikali, maana kila picha ilipaswa kupata muhuri wao kabla ya kuchapwa.

Mihuri hiyo hiyo ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Ilikuwa na mwezi na mwaka, na kwa sababu hiyo leo tunajua kila picha ilipitishwa lini. Chukueni picha ya hekalu la Asakusa, lenye lango jekundu na mnara mwekundu, kila kitu kimefunikwa na theluji. Imepitishwa mwezi wa saba mwaka 1856, wakati wa joto. Hakuna theluji Edo wakati huo. Wapo wataalamu wanaoeleza kwamba ncha ya mnara ule ilipinda katika tetemeko, na ilikuwa ndiyo kwanza imetengenezwa picha ilipotoka. Na rangi nyekundu na nyeupe zikiwekwa pamoja, kwa Wajapani ni ishara ya heri. Msikilizaji wa Edo, samahani, mnunuzi wa Edo, hakuhitaji kuelezwa. Alipouona mnara umenyooka alijua kilichokuwa kimetokea na kilichokuwa kimepona.

Picha yetu ya daraja nayo ni hivyo hivyo. Jina lake linataja mvua ya ghafla ya jioni, ile ya kiangazi, lakini muhuri wake ni wa mwezi wa tisa mwaka 1857, wakati kiangazi kimekwisha pita. Mvua ile haikuchorwa na mtu aliyesimama dirishani. Ilichorwa na mtu anayekumbuka.

Na anayekumbuka ni mtu wa zimamoto. Kwetu sisi mvua mjini ni kero, ni foleni na viatu kulowa, na kwa walio mabondeni ni hatari ya maisha. Kwa mtu aliyepewa akiwa na miaka 12 jukumu la kulinda mji wa mbao na karatasi, nadhani wingu jeusi lilikuwa na maana nyingine. Usiku wa mvua ni usiku wa kulala. Hayo nayasema mimi, yeye hakuyaandika popote. Lakini hebu mtazameni tena yule mtu wa chelezo. Ng'ambo ile ya mto ndiko zilikokuwa bohari za mbao za Edo, zilizohamishiwa huko ili moto wa mjini usizifikie, na magogo yakihifadhiwa majini. Miaka miwili baada ya tetemeko, mji bado unajengwa. Sijui magogo yale yalikuwa ya nyumba ya nani, ila katika mji ule kila gogo lililokuwa likielea lilikuwa paa la mtu.

Wale wa darajani wanakimbia. Mtu hukimbia mvua akiwa na pa kukimbilia. Aliyebomokewa na nyumba hakimbii, hutafuta ukuta akajibanza. Hapo ndipo nilipoona kwamba Hiroshige hakuwa ameficha msiba. Alikuwa akiwaonyesha watu wa Edo jambo dogo walilokuwa wamelikosa usiku ule wa Novemba, yaani kuloweshwa njiani huku unajua kwako kupo.

Tena aliwaonyesha kwa bei yao. Karatasi moja ya picha kama hizo iliuzwa takriban kwa bei ya bakuli la tambi. Mchukuzi aliweza kuinunua akaibandika ukutani kwake. Hazikuwa mali za kufungiwa kwenye makumbusho kama zilivyo sasa.

Zilivyotengenezwa ni hadithi peke yake. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ile ikagandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akachonga akipita juu ya michoro yenyewe. Kazi ilipokwisha, mchoro wa asili ulikuwa umepotea, umechongwa pamoja na ubao. Na kumbukeni kwamba katika ubao wa kuchapa, kinachoonekana kwenye karatasi ni kile kilichobakishwa. Kwa hiyo mchongaji wa mvua ile alipaswa kuondoa mbao zote zilizo kati ya mstari na mstari, abakize kuta nyembamba kama unywele, tena ziwe katika pembe mbili zinazotofautiana kidogo ili mistari ipishane. Kisu kikiteleza mara moja, mvua imekatika.

Kisha akaja mpiga chapa, kila rangi na ubao wake. Lile wingu la juu, linalokolea na kufifia, halikuchongwa. Lilitengenezwa kwa maji: ubao ulipakwa rangi na kulowanishwa ili rangi ijitandaze yenyewe, na karatasi nayo ilikuwa na unyevu. Ndiyo maana ukiweka nakala mbili za picha ile pamoja, mawingu hayafanani. Na buluu ya mto ni rangi ya kigeni, buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Ujerumani karne moja na zaidi kabla, na ambayo ilipofika Japani kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa nje iliwapa wachoraji maji na anga ambazo rangi za zamani hazikuweza kuzitoa.

Mwaka 1858 kipindupindu kiliingia Edo. Hiroshige alifariki mwezi Oktoba mwaka huo, na kwa kawaida inaelezwa kwamba ndicho kilichomuua. Hakuacha mali. Katika wosia wake aliagiza nyumba iuzwe ili deni lilipwe. Miaka kumi baadaye, 1868, utawala wa mashoguni ukaanguka, na mji ukapewa jina la Tokyo. Edo ikabaki kwenye karatasi.

Karatasi zenyewe zilisafiri. Mwaka 1887, mjini Paris, Mholanzi mmoja fukara aitwaye Vincent van Gogh, ambaye yeye na ndugu yake walikusanya mamia ya picha za Kijapani, aliinakili picha ya daraja katika mvua kwa rangi za mafuta. Nakala ile ipo Amsterdam hadi leo. Ni kazi ya mapenzi makubwa, rangi zake kali kuliko za asili, na pembeni kaizungushia maandishi ya Kijapani aliyoyanakili bila kuyaelewa. Japani hakuwahi kufika. Kwa maoni yangu mvua yake haikunyesha vizuri, rangi ya mafuta ni nzito mno, lakini ni nani nimhukumu Van Gogh.

Na daraja je? Lile la mbao lilijengwa upya mara nyingi. Mwaka 1912 likasimamishwa la chuma, si palepale hasa bali jirani, kwa jina lile lile. Tarehe 1 Septemba 1923 Tokyo ilipigwa na tetemeko kubwa kuliko lile la 1855, moto ukafuata, watu zaidi ya 100,000 wakafariki. Madaraja mengine ya sehemu ile ya mto Sumida yaliwaka, maana sakafu zake zilikuwa za mbao. Shin-Ohashi halikuungua, na maelfu ya watu walisalimika juu yake na kwa kupitia hapo. Tangu siku hiyo wenyeji wakaliita daraja liokoalo watu. Mwaka 1945 likapita tena katika moto wa mabomu ya Wamarekani likabaki limesimama. Lilibomolewa mwaka 1977 kupisha daraja la sasa, lakini kipande chake kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya majengo ya kale katika mji wa Inuyama.

Mzee wa duka alirudi kutoka stoo akasema bushi za aina yangu zimekwisha, nije Alhamisi. Nikamwomba kalenda. Akanitazama kidogo. "Mwanangu, mwaka wake umepita huo." Nikamwambia najua. Akaitungua mwenyewe, akaikung'uta vumbi kwa kiganja, na pale ilipokuwa ukuta ukabaki na mraba wa rangi mpya.

Sasa imetundikwa studio, juu ya saa. Juzi fundi mitambo wetu, kijana wa siku hizi asiyesumbuliwa na mambo ya kale, alivua spika za masikioni akaikodolea macho muda mrefu mpaka nikadhani mashine imeharibika. Kisha akaniuliza: "Kaka, hawa watu wanakimbilia upande gani?"

Nikasogea nikatazama. Wengine wanakwenda huku, wengine huku.